Faili la kifo limepelekwa "inkwesti": kesi imetupwa au ndiyo inaanza?

binti_wa_mwisho:

Wadau, hamjambo. Naomba mnisaidie kuelewa jambo moja la sheria za hapa Kenya kabla familia yetu haijagawanyika kabisa.

Kaka yangu alikutwa amekufa ndani ya maji ya timbo la mawe mwaka jana. Polisi wakaandika amezama. Lakini sisi tuliokua naye tunajua alivyoyaogopa maji. Wenzake wakienda kuogelea mtoni yeye alibaki ukingoni kuwashikia nguo. Halafu viatu vyake vilipatikana juu kule, kwenye njia ya malori, vimewekwa sambamba kama vya mtu aliyeingia msikitini. Usiku ule alionekana mara ya mwisho na watu wawili waliokuwa wakifanya naye kazi. Waliandikisha taarifa kituoni, wakaenda zao. Daktari aliyefanya upasuaji wa maiti ameandika kwamba sababu ya kifo ni kuzama, ila chini yake akaongeza kwamba kisogoni kulikuwa na jeraha alilolipata akiwa bado hai.

Sasa mpelelezi ametupigia simu: faili limerudi kutoka ofisi ya DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na maagizo ni kwamba ifanyike inkwesti. Tumepewa tarehe ya kufika mahakamani. Mjomba anasema hayo ni maneno matamu ya kusema faili limetupwa. Mama naye ana hakika wale wawili watashtakiwa siku hiyo hiyo, na ameshaanza kuwaambia majirani. Mimi nimebaki katikati.

Hiyo inkwesti ni kesi au si kesi? Mshtakiwa ni nani? Tunahitaji wakili? Na hakimu mwishoni anaamua nini?

jirani_mkimya:

Pole sana dada. Mimi niko upande wa mjomba. Inkwesti ni kitanda cha kulazia mafaili. Padre John Anthony Kaiser alikutwa amekufa kando ya barabara karibu na Naivasha mwezi wa Agosti 2000. Wapelelezi wa FBI kutoka Marekani wakasema alijiua. Inkwesti ikafunguliwa 2003, ikaenda mpaka Agosti 2007, hakimu akasema hapana, padre aliuawa. Haya, aliyefungwa ni nani? Miaka yote hiyo ya kusikiliza, na jibu likawa lile ambalo waumini wake walilisema siku ya kwanza.

karani_mstaafu:

Makiwa, binti yangu. Nimefanya kazi ya ukarani wa mahakama mpaka nikastaafu, na mafaili ya inkwesti yamepita mikononi mwangu mengi kuliko nilivyopenda. Nitakujibu kwa sheria ilivyoandikwa na kwa nilivyoiona ikitendeka, maana si mara zote vitu hivyo viwili hukaa pamoja.

Mjomba amekosea na mama naye amekosea. Inkwesti si kesi ya Jamhuri dhidi ya fulani. Ni kikao cha mahakama cha kuchunguza kifo: nani amekufa, lini, wapi, kwa sababu gani, na kama kuna mkono wa mtu ndani yake. Hakuna mshtakiwa. Siku mtakayofika mtakuta kizimba cha mshtakiwa ki kitupu. Nimewaona wazee wakikikodolea macho asubuhi nzima, wakidhani mtu atatolewa seli aletwe pale. Haletwi. Wale wawili, kama wameitwa, wataingia kwa mlango huo huo wenu na watakaa kwenye mabenchi hayo hayo, pengine nyuma ya mama yako kabisa. Mwandaeni kwa hilo. Maneno ya daktari watu huyavumilia. Kukaa goti kwa goti na mtu unayemshuku ndiko huwashinda.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, Sura ya 75, vifungu vya 385 hadi 388. Si ndefu, isomeni. Kifungu cha 386 kinamhusu mkuu wa kituo cha polisi: akipata habari kwamba mtu amejiua, ameuawa, amekufa kwa ajali, amekufa katika mazingira yanayotia shaka, au ametoweka na inaaminika amekufa, ampashe habari hakimu aliye karibu, aende palipo na maiti, na aandike majeraha yote yanayoonekana. Cha 387 kinamhusu hakimu. Mtu akifia mikononi mwa polisi au gerezani, hakimu hana hiari, ni lazima achunguze. Vifo vingine vya kutiliwa shaka, anaweza kuchunguza. Na cha 388 kinampa DPP uwezo wa kuagiza uchunguzi huo wakati wowote. Faili lenu limepita mlango huu wa mwisho.

Kwa hiyo lugha ya ofisini ikifasiriwa ni hivi: DPP amelisoma faili, ameona ushahidi uliomo hautoshi kumshtaki mtu kwa jina lake, na papo hapo ameona maswali ni mengi mno kulifunga. Angetaka kulifunga angelifunga, wala msingepigiwa simu.

Kikao kinavyokwenda. Kiongozi wa mashtaka huita mashahidi, mmoja mmoja, wanaapishwa, wanaeleza. Hakimu anaandika, na utamsikia akiuliza maswali mwenyewe kuliko anavyofanya kwenye kesi ya jinai. Kule yeye ni mwamuzi kati ya pande mbili; huku yeye ndiye mchunguzi. Shahidi aliyeitwa akakaidi anaweza kutolewa hati ya kukamatwa. Familia ikiwa na wakili, huomba ruhusa ya kuwauliza mashahidi maswali, na huwa inapewa. Msipoweza kumlipa wakili, simameni mapema, mseme ninyi ni familia na mna maswali. Nimewaona mahakimu wakiwapa nafasi watu wasio na wakili, na nimewaona wengine wakiharakisha kama wana basi la kuwahi. Mwenye wakili huharakishwa kwa shida zaidi, huo ndio ukweli.

Sasa nije kwenye kile ninachokiona kizito katika habari yako, nacho ni neno "kuzama". Watu hulisoma kwenye ripoti ya daktari wakadhani limemaliza mambo. Halijamaliza. Daktari amesema pumzi ilikatikaje. Hakusema kaka yako aliingiaje majini. Aliyesukumwa huzama sawa na aliyeteleza, na aliyetupwa akiwa amezirai huzama vilevile. Hilo la aliingiaje majini si kazi ya daktari peke yake, ndilo hasa mahakama inakaa kulitafuta. Kwa hiyo daktari akiwa kizimbani, aulizwe kuhusu jeraha la kisogoni. Lilikuwa na umbo gani? Je, linalingana na kuanguka juu ya jiwe, au na kupigwa kwa kitu? Lingeweza kumpotezea mtu fahamu? Anajuaje lilipatikana akiwa hai? Mikononi kulikuwa na michubuko ya mtu aliyejaribu kushika ukingo? Sampuli zilipelekwa kwa Mkemia wa Serikali, na majibu yako wapi? Maswali haya yaandikeni nyumbani, kwenye karatasi, na karatasi apewe mtu mmoja tu wa kuyasoma. Nimeona familia ya sauti tatu tofauti, kila mmoja na swali lake, hakimu akachoka kabla ya chai ya saa nne.

Mwisho wa uchunguzi kuna njia tatu. Hakimu akiona kosa limetendwa na mtu anayejulikana, anatoa samansi, yaani wito wa kufika mahakamani, au hati ya kumkamata, wala hahitaji kungoja mashahidi wote wamalizike kufanya hivyo. Akiona kosa limetendwa lakini mtendaji hajulikani, anaandika maoni yake na nakala inaenda kwa DPP. Akiona hakuna kosa, anaandika hivyo. Hakuna kifungo pale, hakuna faini. Na hata ile njia ya kwanza ikitokea, kesi ya jinai huanza upya: mashahidi wanarudi, wanaapishwa tena, wanasema tena. Mama ajue hilo kabla ya kuwaambia majirani zaidi.

Jirani mkimya, umemtaja Padre Kaiser na hukukosea. Ile ilikuwa njia ya pili, mtendaji hajulikani. Lakini angalia ilichofuta. Kabla ya 2007 kulikuwa na karatasi rasmi iliyosema padre alijiua, na kwa padre hilo si neno dogo. Sasa rekodi ya mahakama inasema aliuawa. Unaweza kusema ni kidogo. Mimi siwezi kusema si kitu.

Na zipo zilizosogea mbele. Mtoto Samantha Pendo, wa miezi sita, aliumizwa nyumbani kwao Kisumu Agosti 2017 polisi walipoingia katika ghasia za baada ya uchaguzi, akafa siku chache baadaye. Inkwesti ilisikilizwa na hakimu huko huko Kisumu, na Februari 2019 uamuzi ukawatwika polisi lawama, wakubwa wao wakiwemo. Kisha faili likakaa tena, sikufichi. Ilikuwa 2022 ndipo DPP alipotangaza mashtaka. Polepole mno, lakini bila uamuzi ule wa 2019 sijui wangeanzia wapi.

Afrika Kusini kuna kisa ambacho kila familia ingefaa kukijua. Ahmed Timol, mwalimu aliyekuwa akipinga ubaguzi wa rangi, alianguka kutoka ghorofa ya kumi ya kituo cha polisi cha John Vorster Square, Johannesburg, Oktoba 1971. Inkwesti ya 1972 ikasema alijiua. Ndugu zake hawakukubali, na wakasukuma mpaka uchunguzi ukafunguliwa upya 2017. Wataalamu wa upasuaji wa maiti wakaeleza kwamba baadhi ya majeraha yake hayakutokana na kuanguka. Jaji Billy Mothle akatamka kwamba alisukumwa. Askari mmoja mzee akashtakiwa 2018, akafa 2021 kesi haijasikilizwa. Kilichobadili uamuzi wa 1972 kwa sehemu kubwa ni majeraha yaliyoandikwa kwenye ripoti ya maiti tangu siku ile. Ndiyo maana nimekaza sana kuhusu kisogo.

Jambo jingine, maana najua utaingia mtandaoni usiku huu. Maelezo mengi utakayoyakuta ni ya Uingereza, na huko mambo ni tofauti. Huko uchunguzi unaendeshwa na korona, afisa maalumu wa kuchunguza vifo, cheo kilichokuwapo tangu 1194, wakati mwingine akiwa na baraza la raia wa kawaida, na sheria yao ya 2009 inakataza uamuzi kuandikwa kwa namna ya kumtia hatiani mtu kwa jina. Hapa kwetu hakimu anaweza kutoa hati ya kukamata. Bunge letu lilipitisha sheria ya makorona mwaka 2017, na hata baada yake kifo cha Pendo kilichunguzwa na hakimu, kwa hiyo ukisikia mtu akikuuliza "korona wenu ni nani", usibabaike.

jirani_mkimya:

Mzee, nimekusoma. Kidogo umenilegeza, si sana. Miaka saba kati ya kifo na neno "aliuawa" bado ni miaka saba.

karani_mstaafu:

Hapo sina ubishi nawe.

wakili_wa_foleni:

Nyongeza fupi, niko mahakamani nangoja jina la mteja wangu lisomwe.

Inkwesti hailipi fidia, na wala haisimamishi saa ya kesi ya madai. Hapa ndipo familia nyingi huumia: wanangoja uchunguzi umalizike ndipo wadai, na wanapokuja ofisini muda umekwisha. Kudai kwa kifo kilichosababishwa na uzembe au kosa la mtu mwingine, mna miaka 3 tangu tarehe ya kifo. Mkitaka kuishtaki Serikali ni miezi 12 tu, na kuna ilani ya kutoa kabla ya kuishtaki.

Dada, hukusema timbo ni la nani. Shimo lenye maji, karibu na njia ya malori, watu wanafanya kazi mpaka usiku: lilikuwa na uzio? Taa? Mlinzi? Hata ikitokea kaka yako aliteleza mwenyewe, Mungu aepushe, bado mwenye timbo anaweza kuwa na la kujibu kwenye kesi ya madai. Tena ushahidi wa hali ya pale utatolewa bure mbele ya hakimu, na rekodi yake mnaweza kuiomba. Na atakayedai kwa niaba ya marehemu anahitaji barua ya usimamizi wa mirathi, hata ile ya muda ya kufungulia kesi tu. Anzeni hiyo sasa, haihusiani na DPP.

Kuhusu wakili: mkiwa na pesa za hatua moja tu, mlipeni asome taarifa za mashahidi kabla ya siku ya kwanza. Wakili anayeletwa katikati, baada ya daktari kuondoka, anabaki kukimbiza vumbi.

binti_wa_mwisho:

Asanteni sana, nyote. Mzee karani, nimemsomea mama jibu lako lote, pale pa kizimba kitupu nilirudia. Amenyamaza, halafu akauliza kama anaruhusiwa kubeba rozari. Mjomba bado ananuna lakini amekubali kuja.

Timbo ni la mtu binafsi. Uzio hakuna. Mlinzi wa usiku yupo, na ndilo jambo linalonisumbua. Mpelelezi ametuonyesha orodha ya mashahidi: mimi, mama, daktari, polisi wawili, wale wawili, na msimamizi wa timbo. Mlinzi hayumo. Siku ya mazishi alimwambia binamu yangu kwamba alisikia ugomvi usiku ule na akamulika tochi. Baadaye akaacha kazi, tunasikia yuko kwao. Dereva wa lori aliyeviona viatu kwanza pia hayumo.

Na swali la mwisho: je, wanaweza kumfukua kaka? Mama hataki hata kulisikia.

karani_mstaafu:

Rozari aibebe. Hakuna atakayemwuliza.

Kufukua kwanza, ili mama alale. Kifungu cha 387 kinampa hakimu uwezo wa kuagiza maiti ifukuliwe ichunguzwe, ni kweli. Lakini hilo hufanyika pale ambapo hakukuwa na upasuaji, au uliofanyika una kasoro kubwa. Kaka yako alipasuliwa, na jeraha liliandikwa. Ulizeni kwanza kama picha zilipigwa wakati wa upasuaji. Picha nzuri za kisogo zinaweza kumtosha hakimu. Na likija ombi la kufukua, familia inaweza kuomba isikilizwe kabla ya amri kutolewa.

Mlinzi. Hapa msilale. Orodha ya polisi si msahafu. Imetengenezwa na mtu, kwa kile alichokifuata na kile alichochoka kukifuata. Mahakama inaweza kumwita shahidi yeyote ambaye hakimu anaona anafaa, ila hakimu hawezi kumwita mtu asiyemjua kwamba yupo. Mwandikieni kiongozi wa mashtaka barua, nakala kwa mahakama, mkitaja namba ya faili la inkwesti. Daftari lake ni tofauti na la kesi za jinai, kwa hiyo chukueni namba sahihi, isije barua ikapotelea kwenye faili la mtu mwingine. Nimeona hilo likitokea, na barua ikapatikana baada ya uamuzi kusomwa. Andikeni jina la mlinzi, anapopatikana, na kwa mistari miwili anachojua. Binamu naye ajitayarishe, lakini asidhani maneno yake yatatosha: "niliambiwa na mlinzi" kizimbani ni dhaifu sana. Mlinzi mwenyewe ndiye aliyemulika tochi, yeye ndiye wa kusema alimulika nini. Dereva vivyo hivyo.

Msimtafute mlinzi mkamfundisha la kusema. Wala msimtumie nauli mkononi; samansi ikitoka, mahakama na polisi watajua namna ya kumleta. Wale wawili wakiwa na wakili, swali la kwanza atakaloulizwa mlinzi ni "nani alikulipia basi?"

Na wale wawili waacheni kabisa. Hakuna kuwapigia simu, hakuna maneno kwenye kikundi cha familia. Mtu aliyetukanwa wiki moja kabla ya kikao huja na hadithi ya kutishwa, na siku nzima huishia hapo.

Sasa viatu. Hukusema viko wapi. Kama polisi walivichukua, ulizeni vimeandikwa kama kielelezo namba ngapi. Kama walivirudishia familia, msivioshe, msivipige rangi, msimpe mtu avae. Vitieni kwenye mfuko wa karatasi, mkavikabidhi kwa mpelelezi mbele ya mtu mwingine, na aandike kwenye kitabu cha matukio cha kituo kwamba amevipokea. Tope la juu njiani si la chini majini, na hakimu ana haki ya kuliona kwa macho yake.

Jambo dogo la mwisho kuhusu barua hiyo: toeni nakala tatu. Moja ya mashtaka, moja ya mahakama, moja yenu, na hiyo yenu ipigwe muhuri wa masjala wenye tarehe kabla hamjaondoka dirishani.

binti_wa_mwisho:

Viatu viko nyumbani. Tunavipeleka kituoni kesho, binamu atakuwa shahidi. Barua naiandika usiku huu, nikikwama kwenye lugha nitarudi hapa.

wakili_wa_foleni:

Iweke hapa uliyoiandika, ufute majina. Nitaipitia kabla ya saa tatu asubuhi.